Usikwangue kijani chote

Wenye akwaria hapa Goma, acheni kununua mimea ya plastiki, otesheni mwani (ule ukijani unaoota majini) juu ya jiwe. Mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo tunayakanyaga kila siku, na yale yenye matundumatundu ndiyo mwani unayoyapenda, maana unapata pa kushika.

Chagua mawili matatu, yasugue kwa brashi bila sabuni, yamwagie maji ya moto, halafu vunja ncha kali zisije zikachubua samaki. Yaweke juani kwenye beseni la maji machafu uliyotoa kwenye akwaria. Maji hayo yana mbolea ya kinyesi cha samaki. (Mbu watataga humo. Mabuu yao wape samaki, ni karamu.) Jiwe langu lilichukua wiki chache, likavaa zulia fupi la kijani, na mchana vipovu vya hewa vinaning'inia juu yake kama shanga.

Baada ya kuliingiza ndani, kwangua kioo cha mbele tu, kadi ya benki iliyokwisha muda inatosha. Cha nyuma kiache kijani. Taa iwake kwa muda wa saa sita hadi nane kila siku. Ukizidisha, maji yenyewe yanageuka mchuzi wa sombe (majani ya muhogo). Tilapia wadogo watalichunga jiwe kama mbuzi.

Vumbi la kahawia kwenye akwaria mpya lisikutishe, linafutika kwa kidole. Ila utando wa kijani-bluu unaoteleza, unaonuka na kubanduka kama ngozi, huo si mwani bali ni bakteria. Utoe wote.