Kuandika Wasifu wa Bendi ya Roki Bila Kuegemea Upande: Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia rafiki aliyekuwa akiandika wasifu wa bendi aliyoipenda tangu ujana. Kazi ilikuwa imekwama katika sura ya tatu, kwa sababu kila mwanamuziki aliyemhoji alikuwa na historia yake, naye aliwaamini wote.

Hatua ya 1: Rekodi
Kusanya albamu zote pamoja na majalada yake, uzisikilize kwa mfuatano wa kutolewa kwake.

Hatua ya 2: Jedwali la tarehe, kabla ya kumhoji yeyote
Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipopoteza wiki kadhaa, kwa kuwa nilitanguliza mahojiano. Anayetanguliza mahojiano huishia kumwamini msimulizi hodari, ambaye mara nyingi ni mwimbaji au meneja, si mpiga dramu. Tengeneza jedwali lenye safu nne: tarehe, tukio, chanzo, na siku chanzo hicho kilipoandikwa. Safu ya nne ndiyo yenye uzito, maana tangazo la onyesho lililochapishwa wiki ileile lina nguvu kuliko kumbukumbu iliyosimuliwa miaka 30 baadaye. Programu maalumu za kupanga matukio sizipendekezi. Jedwali la kawaida linatosha, na halikushawishi kuremba.

Jihadhari na mabango, kwa kuwa mengi hutaja siku na tarehe bila mwaka. Niliwahi kupewa bango lililoandikwa "Jumamosi, 14 Machi", nikaliweka mwaka 1986 kwa sababu mpiga gitaa aliapa kwamba ndio mwaka waliopiga pale. Nilipofungua kalenda nikakuta kwamba mwaka huo tarehe 14 Machi ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa Jumamosi mwaka 1981, 1987, 1992 na 1998. Stakabadhi ya malipo ya usiku ule ilipopatikana, mwaka ukawa 1987, na jina la mpiga besi, ambaye nilikwisha kumwandika kuwa aliondoka mwaka uliotangulia, lilikuwa miongoni mwa waliolipwa. Picha yake kwenye bango isingetosha, kwani mapromota hutumia picha za zamani bila kusita. Sura nzima niliiandika upya.

Jihadhari pia na tukio lenye tarehe kadhaa ambazo zote ni za kweli. John Lennon aliwaambia wenzake wa The Beatles kwamba anaondoka mnamo Septemba 1969. Habari za Paul McCartney kujitoa zikaufikia umma Aprili 1970. McCartney akafungua kesi ya kuvunja ubia wao tarehe 31 Desemba 1970, na ubia huo ukavunjwa rasmi kisheria Januari 1975. Mwandishi anayetaja Aprili 1970 peke yake amekwisha kumtwika McCartney lawama, na anayetaja Septemba 1969 peke yake amemtwika Lennon, hata kama hakutumia neno moja la kulaumu. Zitaje zote, ukieleza kila moja ni tarehe ya nini.

Hatua ya 3: Mahojiano
Anza na aliyeondoka, kwa kuwa waliobaki wamekisimulia kisa chao mara nyingi mno hadi kimepoteza kona zake. Wakisema "aliondoka" naye akasema "nilifukuzwa", usikimbilie neno la kupoza kama "walitengana". Andika kauli zote mbili, kila moja na mwenyewe.

Hatua ya 4: Nani alitunga
Majina ya watunzi kwenye jalada huonyesha makubaliano ya mrabaha, na si lazima yaonyeshe kilichotokea studio. Katika albamu yao ya 1989, Queen waliziandika nyimbo zote kwa jina la bendi nzima. Wimbo wa Procol Harum wa 1967, "A Whiter Shade of Pale", ulibeba majina ya Gary Brooker na Keith Reid, hadi mpiga kinanda Matthew Fisher aliposhinda katika rufaa ya mwisho nchini Uingereza mwaka 2009.

Hatua ya 5: Sifa
Futa "gwiji" na "asiye na mfano" popote ulipoyaandika.

Hatua ya 6: Uhakiki
Mtumie kila mwanamuziki kauli zake tu, azithibitishe. Mwimbaji mmoja niliyempa sura nzima aliirudisha baada ya siku mbili: maneno yake mwenyewe hakuyagusa, ila ya wenzake yote yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu.