Namna ya Kupata Miongozo ya Zana Huria za Kuandikia Programu

Anayejifunza kuandika programu kwa zana huria kama Python (lugha ya programu) au GCC (programu inayotafsiri msimbo wa lugha kama C ili kompyuta iuendeshe) hana haja ya kuanza kwa kununua kitabu, kwa sababu watengenezaji wa zana hizo huziandikia miongozo wenyewe, na sehemu kubwa ya miongozo hiyo husomeka hata bando likiwa limekwisha.

Anza na kompyuta yako. Katika Linux, fungua dirisha la amri, andika man, kisha jina la kitu unachokitafuta. Kurasa zake zimegawanywa kwa namba: sehemu ya 1 ni ya amri za kawaida, ya 3 ni ya funksheni za maktaba. Kwa hiyo anayetaka maelezo ya printf ya lugha ya C aandike man 3 printf, kwani akiiacha namba ataletewa amri nyingine yenye jina hilohilo. Katika Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, kurasa hizo za C zimo katika kifurushi kiitwacho manpages-dev, ambacho pengine itabidi ukisakinishe kwanza. Ukiwa umesahau jina, andika apropos na neno moja la Kiingereza linalohusika.

Kwa upande wa Python, amri ya python3 -m pydoc -b hufungua katika kivinjari maelezo ya moduli (mafaili ya msimbo ulio tayari kutumika) zilizomo katika kompyuta yako, yaani za toleo lilelile unalolitumia. Jambo hili la toleo nalisisitiza kwa dhati, maana wanafunzi wengi hukatishwa tamaa na mifano ya Python 2, ambayo msaada wake ulikoma mwaka 2020, wakadhani kosa ni lao. Angalia kwanza toleo lako kwa python3 --version, ndipo uende docs.python.org, uchague namba hiyohiyo na kupakua mwongozo mzima mara moja.

Miongozo ya GCC, Make (zana ya kuunda programu kutoka mafaili ya msimbo) na Emacs (kihariri cha maandishi) hupatikana gnu.org/manual. Mingi kati yake imetolewa kwa Leseni ya GNU ya Nyaraka Huria, inayoruhusu kunakili na kugawa mradi masharti yake yafuatwe na leseni yenyewe iambatanishwe. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuipakua mara moja, akaiweka katika flashi na kuwapitishia wanafunzi wake wote.