Mlipuko ukiingia mjini: jinsi ya kuishi na wenzako kazini bila kupaniki

Kabla hujaanza kumkwepa mtu, jua kwanza huo ugonjwa unaambukizwaje. Vituko vingi vya maofisini vinaanzia hapo, watu wanaogopa jina tu. Kipindupindu kinaingia kwa mdomo, kwenye maji na chakula chenye uchafu, kwaiyo barakoa haikusaidii kitu, tafuta maji yaliyochemshwa, chakula cha moto na sabuni. Korona ni ya hewa, hapo ndo fungueni madirisha na barakoa zivaliwe. Mpox zaidi ni kugusana ngozi na kushea nguo au taulo. Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ni majimaji ya mwili wa mtu ambaye tayari anaumwa au amefariki, yaani damu, matapishi na vitu kama hivo, mtu mzima asiye na dalili aliekaa dawati la pili hakupi Marburg kwa kupumua tu.

Natoa mfano. Machi 2023 Wizara ya Afya ilipotangaza Marburg kule Bukoba Vijijini, ofisini kwetu hapa Dar kuna dada alikuwa ndo karudi kutoka kwao Muleba, wilaya nyingine kabisa ila mkoa ni ule ule wa Kagera, basi ikawa tabu. Kaja na kopo lake la senene wa kukaanga kama kawaida yake, kaliweka meza ya chai. Siku zote lile kopo halifiki saa nne. Siku hiyo mpaka jioni limejaa vile vile, watu wanachota sukari kwa kunyoosha mkono wakiwa wamesimama mbali, saa kumi na moja kalifunika kaliingiza kwenye mkoba kaondoka, hajasema neno. Hakuna aliemtukana, ila jamani. Na wale virusi asili yake ni popo wanaokula matunda, senene wanaingiaje hapo?

Kwaiyo mwenzako akirudi kutoka eneo lenye mlipuko mpokee kama unavyompokea siku zote, "pole na safari, nyumbani hawajambo?" Kama kuna la kuuliza la maana, mfano aliuguza mtu au alienda msibani, aulize mtu mmoja tu, bosi au wa rasilimali watu, na amuulize pembeni, sio kila anaepita anamhoji pale kaunta mbele ya wateja. Ikionekana kweli alimgusa mgonjwa, nyie hamna cha kuamua, pigeni 199 ya Wizara, haikatwi hela, watu wa afya wenyewe watamfuatilia siku 21 kwa sababu dalili za Marburg zinaweza kuchelewa mpaka hapo. Kama hayumo kwenye hao wanaofuatiliwa mwacheni apige kazi. Na utani wa Wahaya, yaani watu wa huko Kagera, ambao siku nyingine mimi mwenyewe naupenda kweli, uwekeni kando mpaka yaishe.

Salamu mkubaliane mapema. Machi 2020 hata Rais Magufuli na Maalim Seif walisalimiana kwa miguu pale Ikulu, sasa wewe unaona aibu gani? Kinachoudhi ni mtu kaleta mkono halafu wewe unarudisha wako dakika ya mwisho. Weka mkono kifuani toka mbali, inamisha kichwa kidogo, toa shikamoo yako, mzee ataelewa.

Grupu la WhatsApp la kazini, mteueni mtu mmoja wa kuweka taarifa za Wizara, basi. Zile voisi za "dada yangu nesi kaniambia" zisiingie, na anaetuma msimtukane kwenye grupu, mfuate inbox mwambie kistaarabu afute.

Mabosi nao. Mnabandika tangazo kwamba mwenye homa abaki nyumbani, halafu kibarua asipokuja hapati hela ya siku, mnategemea nini? Atameza panadol na atakuja. Kwa walioajiriwa sheria ya kazi ya 2004 ina likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, mradi ulete cheti cha daktari, watu wengi hawajui hata kama ipo. Vibarua wapangieni chochote, hata nusu posho, ni nafuu kuliko kufunga duka zima.

Mlinzi anaekupima joto getini usimfokee, hajaitunga yeye hiyo sheria, na yeye ndo anakutana na watu wote kuliko nyie mliojifungia na AC. Dada wa usafi apewe glavu nzito na buti, sio vile viglavu vya kuchanikachanika, halafu mumwambie kabisa nini kimemwagika wapi.

Mwishoni watu huwa wanawahi kulegeza. Marburg ile ya Bukoba ilitangazwa kuisha tarehe 2 Juni 2023, manake wanahesabu siku 42, mara mbili ya zile 21, bila mgonjwa mpya. Kwaiyo ndoo yenye koki isiondolewe mlangoni kisa wiki mbili zimepita kimya, na ile sabuni ya kipande ifungeni kwenye wavu mning'inize, la sivyo itaondoka na mteja.