Kuunganisha chembe mbili za moshi wa metali kwenye laptopu

Kuna mdogo wangu anayesoma fizikia hapa Tudor, Mombasa. Alitaka kuona chembe za moshi wa metali zikigongana na kuwa chembe moja ya aloi. Moshi huo hupatikana kwa kuvukiza metali ndani ya chumba chenye gesi kidogo ya agoni: mvuke ukipoa, huganda kuwa chembe za nanomita chache. Chumba hicho hatuna, lakini laptopu ya kawaida inatosha kuuiga mgongano huo kwa programu.

1. Weka LAMMPS (programu ya kukokotoa mwendo wa atomi) na OVITO Basic (ya kutazama matokeo). Zote ni za bure.

2. Chagua metali zinazopatana. Dhahabu na shaba nyekundu huchanganyika kwa kiwango chochote, ndiyo maana masonara wa Mji wa Kale huweza kutia shaba kwenye dhahabu. Usianze na fedha na shaba, hizo zikiganda hujitenga. Tafuta faili la EAM (linaloieleza programu jinsi atomi za metali zinavyovutana na kusukumana) lililotengenezwa kwa jozi hiyo yenyewe. Kubandika pamoja mafaili mawili ya metali mojamoja mimi sikubali kabisa.

3. Chonga mipira miwili ya kipenyo cha nanomita 4. Utapata atomi 2,000 hivi za dhahabu na 2,800 za shaba. Kwa uzito, hiyo ni dhahabu ya karati 16 na ushee.

4. Pasha kila mpira peke yake hadi kelvini 600, kisha uuondolee mwendo wote wa kusogea na kuzunguka kama mpira mzima.

5. Isogeze mpaka nyuso zibaki na pengo la angstromu 3 hivi (nanomita 0.3), kisha ZIMA themostati, yaani amri inayoshikilia joto mahali pamoja.

Hapa tulikwama mchana kutwa. Mipira iligusana, ikaota shingo, halafu ikatulia hivyo hivyo. Sababu ni `fix nvt`, amri ya themostati katika LAMMPS, iliyokuwa ikinyonya joto lote. Mipira miwili ikiwa mmoja, eneo la uso hupungua kwa asilimia 21 hivi, na nishati ya uso uliopotea hugeuka joto. Kwa ukubwa huu, ikiungana kabisa, joto hilo pekee linaweza kupandisha chembe kwa kelvini 140 hivi, na joto hilo ndilo linalozipa atomi nguvu ya kuhama na kuchanganyika. Kwenye moshi halisi hakuna wa kulichukua upesi: agoni ikiwa na shinikizo la tori 10 (hewa ya kawaida ni tori 760), chembe kama hii hupigwa na atomi tatu hivi za gesi kwa nanosekunde nzima. Kwa hiyo tumia `fix nve`, amri isiyoongeza wala kunyonya joto. Ila ukitumia `nve`, hatua ya muda isizidi 0.001 (kwenye vipimo vya `metal` ni pikosekunde, si femtosekunde), la sivyo nishati itapanda yenyewe nawe utadhani ni joto la muungano. Chapisha nishati ya jumla. Ikiyumba, punguza hatua kabla ya kuamini chochote.

Na hata hivyo, ukianzia kelvini 600 mara nyingi utabaki na shingo yenye mpaka kati ya fuwele mbili. Rudia kwa 900. Chembe ndogo hivi huyeyuka chini ya kiwango cha metali nzima, kwa hiyo mchanganyiko huenda haraka.

6. Hifadhi faili la `restart` (la kuendelea pale ulipoishia) mara kwa mara, stima hukatika.

7. Kwenye OVITO, kata chembe katikati. Usihukumu kwa rangi ya nje, kwani dhahabu hupenda kukaa juu. Hesabu majirani wa shaba wanaozunguka kila atomi ya dhahabu ya ndani: idadi ikiendelea kupanda, aloi bado inajengeka, usisimamishe.