Somo: Kuunda betri ya drili ya volti 18 kwa seli zilizotumika

Wakuu, betri ya drili ya volti 18 ikigoma, mara nyingi haijafa yote. Ndani ina makundi 5 ya seli yaliyofungwa kwa mfululizo. Kundi moja likianguka, chaja inaikataa betri nzima, na seli nzuri zinaishia kwenye skrapu pamoja na mbovu. Hizo nzuri ndizo tunazozitafuta.

Hatua ya 1: Seli ipi

Nazungumzia 18650, yaani upana milimita 18, urefu 65. Kwa macho zote zinafanana, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Samsung 26F, seli ya laptopu, ina uwezo wa mAh 2600 (wingi wa umeme inaohifadhi) lakini mwisho wake ni ampea 5 na ushee. Samsung 25R ina mAh 2500, pungufu kidogo, ila inatoa ampea 20. Drili ikikaza skrubu ndefu kwenye mninga huvuta ampea 20 na zaidi.

Piga hesabu. Chukua seli ya laptopu iliyochoka, yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 60, yaani omu 0.06. Ukiivuta ampea 20 inapoteza volti 1.2. Kwa seli 5 zilizofuatana, volti 6 zimekwenda kabla umeme haujafika kwenye mota. Na kila seli inazalisha joto la wati 24, karibu sawa na pasi ndogo ya lehemu, ndani ya kopo lililozibwa. Kwa hiyo soma namba iliyo kwenye ganda, tafuta vipimo vyake vya kiwandani, na uangalie ampea kabla ya mAh. Seli za laptopu zipeleke kwenye taa za sola. Kwenye drili hapana.

Hatua ya 2: Kuzitoa

Vaa miwani ya kazi, vua pete na saa, tumia meza ya mbao. Kopo lote la seli ni hasi, hadi ule ukingo unaozunguka kichwa cha chanya. Kinachotenga hasi na chanya pale ni ganda jembamba la plastiki tu. Plaizi ikiteleza pale juu, umepiga shoti. Kata utepe wa nikeli katikati ya seli na seli, kisha uuvute taratibu. Seli iliyobonyea, yenye kutu au inayotoa harufu tamu ya kemikali, iweke kando.

Hatua ya 3: Kupima

Iliyo chini ya volti 2 usihangaike nayo. Zilizobaki zichaji moja moja hadi 4.2 huku ukizigusa. Inayopata joto haifai. Halafu andika tarehe na volti juu ya kila seli kwa maka peni, uziache wiki 2. Iliyoshuka chini ya 4.1 inavuja ndani kwa ndani, hata kama uwezo wake unaonekana mzuri. Watu wanairuka hatua hii kwa haraka ya kumaliza, na seli moja inayovuja inatosha kulivuta kundi lake chini hadi betri yote igome tena.

Ukinzani unapimika hata bila kifaa maalumu. Pima volti za seli, ifunge na balbu ya indiketa ya gari ya wati 21, pima tena volti pamoja na ampea. Gawanya volti zilizoshuka kwa ampea hizo. Zikishuka 0.03 kwa ampea 1, ni miliomu 30. Gusa seli yenyewe kwa ncha za mita, usipimie kwenye nyaya za balbu, la sivyo utapima na waya. Mimi kwa njia hii nachukua zilizo chini ya 40.

Mwisho pima uwezo. Chini ya asilimia 80 ya ule wa kiwandani, acha.

Hatua ya 4: Kupanga na kuchomea

Seli 10, mbili mbili sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), makundi 5 kwa mfululizo. Gawa ili jumla ya mAh ya kila kundi ikaribiane, na zote ziwe karibu volti 3.6, tofauti isizidi 0.05. Kila kichwa cha chanya kivalishe pete ya karatasi ya kuhami. Tumia nikeli safi ya milimita 0.15 kwa 8, na mahali unapopita umeme mkuu weka tabaka mbili. Sokoni kuna chuma kilichopakwa nikeli. Sumaku haitakusaidia, maana nikeli nayo hunaswa. Kwangua kipande, kilaze kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Chuma kitashika kutu.

Hatua ya 5: Bodi na chaji

Bodi ya ulinzi, ile BMS, iwe ya seli 5 na ampea 30 au zaidi. Funga kwanza waya mkuu wa hasi. Kabla ya kuchomeka zile nyaya ndogo za bodi zinazokwenda kwenye kila kundi, pima kutoka hasi: 3.6, 7.2, 10.8, 14.4, 18. Mpangilio ukiruka, bodi inaungua. Chaja iwe ya lithiamu, volti 21. Chaji ya kwanza fanyia nje, mchana, ukiwepo.

MASWALI

Swali: Mkuu, sina spoti welda, ile mashine ya kuchomea nikeli kwenye seli. Naweza kutumia lehemu?

Jibu: Si moja kwa moja kwenye seli; joto linaharibu muhuri wa ndani. Seli zikitoka kwenye pakiti, ziachie vipande vya nikeli ya zamani, ulehemu juu ya hivyo, haraka, kwa pasi yenye nguvu.

Swali: Drili yangu ni ya zamani, betri ya nikeli-kadimiamu, volti 18. Chaja yake itafaa?

Jibu: Hapana kabisa. Ile ina seli 15 za volti 1.2, na chaja yake haijui kusimama kwenye volti 21.

Swali: Kuna fundi anafufua seli zenye volti 0 kwa kuzibusti. Vipi?

Jibu: Seli ikikaa chini sana, shaba ya ndani huyeyuka. Ukiichaji, ile shaba inajijenga upya mahali pasipotakiwa na kusababisha shoti ya ndani. Itaonyesha 4.2 leo, iwake moto wiki ijayo. Ziba ncha zake kwa tepu uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Swali: Na ikianza kutoa moshi?

Jibu: Usiuvute, ni sumu. Ikiwa tayari uko nje, rudi nyuma na umwage maji mengi kwa mbali, uendelee hata baada ya moto kuzimika, maana seli za jirani zinaweza kufuata. Mchanga unazuia moto usisambae lakini haupoozi.