Namna ya kupima uamuzi wa meneja mkuu wa NBA anapobadilishana wachezaji

Dili la wachezaji wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu, likitangazwa usiku kule Marekani, kufikia asubuhi watu wameshagawa alama: huyu kashinda, yule kapigwa. Alama hizo hupima majina. Meneja mkuu hakununua jina. Kanunua miaka ya mkataba, nafasi kwenye bajeti ya mishahara, na machaguo ya drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya kila mwaka, ambayo mengine yatageuka mchezaji miaka saba baadaye. Ukitaka kumtendea haki, mpe alama mbili zisizochanganyika: moja ya uamuzi, kwa yale yaliyojulikana siku ile, nyingine ya matokeo. Ya kwanza iandike kabla hujaiona ya pili.

Anza na karatasi. Chora safu moja kwa kila timu, ujaze ilichopokea. Kwa kila mchezaji andika umri, mechi alizocheza misimu mitatu iliyopita, miaka iliyobaki kwenye mkataba, na nani mwenye hiari ya mwaka wa mwisho, mchezaji au timu. Mshahara uandike kama asilimia ya ukomo wa mishahara wa ligi. Dola tupu zinapotosha, maana ukomo hupanda: ulikuwa dola milioni 140.6 msimu wa 2024-25, ukawa milioni 154.6 msimu wa 2025-26. Mshahara wa nyota Anthony Davis msimu huo wa pili ulikuwa takriban milioni 54.1, yaani asilimia 35. Zaidi ya theluthi ya ukomo imekaa kwa mtu mmoja, na hapo ndipo hesabu ya mechi alizokosa inapopata uzito wake.

Sasa nenda kwenye machaguo ya drafti, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. "Chaguo la raundi ya kwanza" peke yake haliambii kitu. Uliza ni la timu gani, la mwaka gani, na lina kinga ipi. Kinga ni sharti kwamba chaguo likiangukia nafasi za juu, mwenyewe analibakiza. Tofauti ya thamani kati ya nafasi ya 3 na ya 25 ni kubwa mno, na kinachoamua ni timu ile itakuwa wapi siku deni linapoiva. Kwa hiyo tazama umri wa nyota wake leo, kisha ongeza miaka.

Chukua dili la Julai 2013. Brooklyn Nets, chini ya meneja mkuu Billy King, waliwapa Boston Celtics machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017 (Boston wachukue nafasi ya Brooklyn ikiwa bora kuliko yao), yote bila kinga. Walipata Kevin Garnett mwenye miaka 37, Paul Pierce mwenye miaka 35, na Jason Terry. Ona jinsi miaka inavyorukwa: kanuni ya Stepien hairuhusu timu kubaki bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili mfululizo ijayo, kwa hiyo haki ya kubadilishana nafasi huwekwa kuziba pengo. Haki hiyo huuma pale tu mtoaji anapokuwa dhaifu kuliko mpokeaji. Mwaka 2017 Boston waliongoza kanda ya Mashariki huku Brooklyn wakiwa mkiani, na Boston wakapanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 1.

Je, hilo lilionekana mwaka 2013? Ndiyo. Hakuna aliyeweza kujua kwamba chaguo la 2016 lingekuwa Jaylen Brown, lakini kila mtu aliweza kuhesabu kwamba Garnett angekuwa na miaka 40 mwaka huo. Kuwataka wazee kwa msimu mmoja wa kugombea ubingwa kunatetewa; mmiliki, Mikhail Prokhorov, alikuwa ameahidi taji ndani ya miaka mitano tangu anunue timu mwaka 2010. Kosa la wazi ni kuachilia yote bila kinga hata moja. Uamuzi huo unastahili alama ya chini hata kama Brooklyn wangefika fainali mwaka 2014.

Kuhusu Jayson Tatum, nyota ambaye Boston walimpata kupitia nafasi hiyo ya 2017, kuwa mwangalifu. Boston walishuka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 3 kwa kubadilishana na Philadelphia, wakapata chaguo jingine juu yake, ndipo wakamchukua. Huo ni uamuzi wa pili wa Danny Ainge, aliyekuwa akiongoza usajili wa Boston, nao upimwe peke yake. Ukimjumlishia meneja mnyororo mzima kwenye dili la kwanza, unamlipa mara mbili kwa kazi moja.

Baada ya machaguo, angalia timu ilikuwa na uhuru kiasi gani. Makubaliano ya ligi na wachezaji ya 2023 yana vizingiti viwili juu ya kiwango cha kodi ya anasa, kodi inayotozwa timu yenye mishahara mikubwa mno. Msimu wa 2025-26 vilikuwa kwenye dola milioni 195.9 na 207.8. Timu iliyovuka cha kwanza hairuhusiwi kupokea mishahara mikubwa kuliko inayotoa. Iliyovuka cha pili haiwezi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumleta mmoja, wala kutoa fedha taslimu kwenye dili. Boston walipowatoa wachezaji wao Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis majira ya joto ya 2025, ukipima vipaji tu utaona wamepigwa. Walikuwa wanashuka chini ya kizingiti cha pili, na alama yao ihesabiwe kwa lengo hilo.

Vilevile usihesabu vichwa. Mechi ina dakika 240 za kugawana: wachezaji watano mara dakika 48. Nyota hucheza kama 36. Ukimtoa na kupokea watatu wa kawaida, dakika zao zinatoka kwa watu uliokuwa nao tayari, na wengine wanaachwa ili orodha isizidi 15. Ndiyo maana anayepata mchezaji bora kwenye dili huwa mbele, labda umri au jeraha likatae.

Hatua inayosahauliwa ni bei ya soko. Tafuta madili mawili au matatu ya karibuni ya wachezaji wa ngazi ileile, uone walilipiwa nini. Rudy Gobert, akiwa na miaka 30, aliwagharimu Minnesota machaguo manne ya raundi ya kwanza na wachezaji kadhaa mwaka 2022. Mikal Bridges, ambaye hakuwahi kuteuliwa kwenye mechi ya nyota, aliwagharimu New York Knicks machaguo matano mwaka 2024. Kisha Februari 2025 Dallas, chini ya Nico Harrison, wakamtoa Luka Dončić, mwenye miaka 25, aliyewafikisha fainali miezi michache kabla, wakapokea Davis wa miaka 31, Max Christie na chaguo moja la 2029. Mazungumzo yalifanywa kwa siri na Los Angeles Lakers, waliompokea Dončić. Timu nyingine hazikupewa nafasi ya kupandisha dau. Hata ukikubali hoja ya Harrison kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa, bei haitetewi. Baadaye Dallas walishinda bahati nasibu ya drafti, inayoamua nani achague kwanza, wakiwa na uwezekano wa asilimia 1.8, wakamchukua Cooper Flagg. Hiyo iingie safu ya matokeo. Kwenye alama ya uamuzi haina nafasi hata chembe.

Linganisha na Toronto, Julai 2018. Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, alimtoa DeMar DeRozan, Jakob Poeltl na chaguo la 2019 lenye kinga ya nafasi 1 hadi 20, akapata Kawhi Leonard na Danny Green. Leonard alikuwa amecheza mechi tisa tu msimu uliotangulia na angeweza kuondoka baada ya mwaka mmoja. Lakini Toronto walikuwa wametolewa na Cleveland miaka mitatu mfululizo, LeBron James wa Cleveland ameshahamia kanda ya Magharibi, na Leonard akiondoka mkataba wake mkubwa ungeondoka naye. Hasara ilikuwa na mpaka, kinga iliwalinda dhidi ya msimu mbaya. Uamuzi ule ulikuwa bora siku ile, kabla ya taji la 2019.

Alama ya matokeo nayo ina ratiba. Ipitie mwisho wa msimu wa kwanza, mkataba wa mchezaji mkuu unapoisha, na chaguo la mwisho linapotumika. Clippers walipomchukua Paul George mwaka 2019 waliwapa Oklahoma City Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano na haki mbili za kubadilishana nafasi. Moja ya machaguo hayo likawa Jalen Williams mwaka 2022, na ubingwa ukaja 2025. Chaguo la mwisho la dili hilo ni la 2026. Dili la Gobert linafika 2029.