Kabla hujampeleka mtoto kunyooshwa mgongo kwa maumivu ya miguu

Mtoto analia miguu usiku, asubuhi anakimbia kama hakuna kilichotokea. Utaambiwa ni maumivu ya ukuaji, halafu atatokea mtu wa kukushauri umpeleke kwa tabibu wa kairopraktiki (tiba ya kubonyeza na kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono) akanyooshwe mgongo. Ngoja kwanza.

Hakikisha ni maumivu ya ukuaji kweli. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 12, jioni au usiku, miguu yote miwili: mapajani, kwenye miundi na mashavu ya miguu, nyuma ya magoti. Hakuna uvimbe, hakuna homa, na mchana mtoto hachechemei.

Ukiona ni mguu mmoja tu, anza kwa daktari. Hili nimelijua kwa machozi. Mwanangu alikuwa na miaka 6, analalamikia goti la kulia. Nikampeleka kunyooshwa. Tabibu akambonyeza kiuno, akasema kimekaa upande, turudi mara mbili kwa wiki. Tukaenda wiki tano. Nilikuwa nimeshaona ameacha kukaa chini kwa kukunja miguu, ule wa kulia anaunyoosha pembeni, nikadhani anadeka. Jioni moja namwogesha, nikashika mapaja yote mawili kwa pamoja: la kulia lilikuwa jembamba. Picha ya eksirei ikaonyesha ugonjwa wa Perthes. Damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unalegea na kubonyea. Goti lenyewe lilikuwa zima kabisa! Nyonga ya mtoto ikiugua, mara nyingi maumivu anayasikia gotini. Kwa hiyo goti likiuma, sema wazi: naomba na nyonga ipimwe.

Homa, kupungua uzito, michubuko isiyo na sababu, viungo kukakamaa asubuhi: hospitali, usisubiri.

Daktari akishathibitisha ni ukuaji, anza nyumbani. Mkande, mwekee kitambaa cha maji ya moto (kisimuunguze), mnyooshe misuli kabla ya kulala. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe.

Kairopraktiki ilianza Marekani mwaka 1895, lakini hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kunyoosha mgongo kunaondoa maumivu haya. Nayo huja na kupotea yenyewe, kwa hiyo nafuu baada ya kunyooshwa mara tatu isikudanganye.

Bado unataka kwenda? Uliza leseni. Uliza ametibu watoto wa umri huo wangapi. Kaa chumbani muda wote. Akitaka kumzungusha shingo kwa nguvu, kataa. Kinachouma ni miguu. Usilipie miezi ya mbele. Mtoto akilia kwa maumivu, simamisha pale pale. Na tangu leo andika kila usiku kwenye daftari: mguu upi, saa ngapi, asubuhi aliamka akitembeaje. Ukienda kwa daktari, libebe.